Dagaa wa Ngamia

Sindano nimeishika,
uzi ukanitoroka,
tundu likababaika
mbele yangu, mkononi.

Ni Ruwi, duka la nguo,
kanzu, shela, mitandio,
na upepo uvumao
kutoka kiyoyozini.

Kazi yangu kutarizi,
vitobwe vidogo, uzi;
kupepesa kope, wizi
wa muda wangu dukani.

Macho yakawa mchanga,
kila kope nikifunga
chembe ndogo zikichonga
njia zao kwenye mboni.

Ikaja simu ya Pemba:
"Kaburi wameshachimba."
Zayana wangu mwembamba,
dada, mwenza wa jikoni.

Wanawake walijaa,
sebuleni wakakaa,
wakilia; nashangaa,
tone halimo jichoni.

Mmoja akanong'ona:
"Moyo wa jiwe, waona!"
Nikameza, sikunena,
kahawa chungu kooni.

Kesho yake, njiapanda,
upepo ulipotanda,
machozi yakanishinda
kumwagika mashavuni.

Dereva akanipisha,
kwa huruma akashusha
kioo: "Pole. Maisha."
Nilicheka kilioni.

Tabibu ni Bi Shinuna,
kwa taa akaliona
jicho. "Maji yapo, mwana,
mafuta hayamo ndani.

Chozi lisilo mafuta
hukauka likipita,
kisha jicho hufukuta
na kufurika njiani.

Dawa tone nitakupa,
si yote yamo kwa chupa:
dagaa, hata mifupa,
kila juma sahanini.

Mchicha usiuchoke,
yai na kiini chake,
maji yasikuponyoke
fajiri hadi jioni."

"Na kahawa?" nikahoji.
"Punguza. Ongeza maji."
Nami wa tende mlaji,
zishuke vipi kooni?

Soko nikaliendea
dagaa kuulizia;
muuzaji kachekea
hadi machozi shavuni.

"Mama, hawa huanikwa,
mchangani wakaokwa,
gunia likapelekwa
kwa ngamia, mazizini!"

Nami nikamrukia:
"Umwangalie ngamia,
jangwani akitembea
jicho li maji usoni!"

Akapima kilo mbili
na ya tatu ya fadhili,
kasema, "Una akili
kuliko wangu nyumbani."

Mkwe wangu kashituka,
pua mkono kaweka;
harufu ikasikika
mpaka kwa majirani.

Limau kavu, bizari,
pilipili ya hiari,
na tui; nikakariri
mapishi ya ujanani.

Juma halikuniponya,
wala mwezi. Nikamenya
karoti, tone kuminya
nikienda kitandani.

Kiti nikakisogeza,
na kope nikazifunza
kushuka bila kuwaza
kila mshono pindoni.

Kahawa? Sikuiacha.
Moja tu, kukishakucha;
ya pili ninaificha,
tabibu asibaini.

Mwezi wa tano, mchana,
nazi nilipoikuna
kwa mchicha, nikaona
mkono wake mbuzini.

Zayana, alivyokaa,
chicha kiganja kujaa,
"Onja, wewe mwenye njaa!"
aniita kwa utani.

Jicho likapata moto,
si wa mchanga; wa mto.
Likashuka tone zito,
likatulia tuini.

Mkwe: "Mama, kitunguu?"
Nikaangalia juu,
nikajibu: "Kitunguu."
Hakikuwamo jikoni.