Chokaa

Waliniita nilete chaki, si maoni.
Mimi ni mtu wa uwanja: kila Ijumaa nakoroga chokaa,
navuta kamba toka kijiti hadi kijiti,
na Jumamosi vijana wanaukanyaga mstari
kabla haujakauka.

Bwaloni kwetu Kibosho, saa nne, chai imeota ngozi,
mlima umejifunika
kama shahidi asiyetaka kutajwa.
Vyuo kumi na viwili, ligi moja, dizeli imepanda.
Mwenyekiti Temu akasema, "Tuigawe,"
na bwalo zima likanyamaza kidogo,
maana huku neno hilo tunalijua tangu kihambani:
ndugu wawili, futi kamba, na mche wa sale
katikati ya migomba ya baba.

Mwalimu Ndeonansia wa hesabu akachora ubaoni.
Himo, Mwika, Tarakea: Mashariki.
Machame, Boma Ng'ombe, Sanya Juu: Magharibi.
"Na Same?" akauliza Mchome,
aliyetoka kwao nyota zikiwa bado juu,
kofia mapajani, viatu vyekundu kwa vumbi.
"Same ni kusini."
"Kusini hamjaweka kundi."
Watu wakacheka. Yeye akahesabu kwa vidole
safari kumi na moja, basi la kukodi,
kipa aliyetapika Mwanga, akatapika Njia Panda,
akaja kudaka na tumbo tupu.

Wengine wakailalamikia Mashariki:
mabingwa wanne chungu kimoja!
"Hilo si kundi, ni machinjio."
Basi tuokote vikaratasi kofiani?
"Bahati," Temu akajibu, "haijui bei ya mafuta."

Mimi nilikuwa naitazama chaki.
Ilishuka na mto, imenyooshwa kwa rula ya mwalimu,
ikapita kati yetu na Uru
kama kisu kwenye parachichi.

Uru, ng'ambo ya korongo, daraja la mbao,
chuo cha uuguzi, wavulana kumi na wanne tu,
beki wao wa kushoto ni mpishi.
Kila mwisho wa muhula tunacheza nao.
Aliyefungwa hutoa mbuzi, aliyefunga hukata kuni,
na mwaka ule wa matope, mpira ulipotumbukia korongoni,
timu zote mbili zilishuka kuutafuta,
zikarudi usiku zikiimba, bila mpira.

Nikanyoosha mkono. "Mstari huo una unene gani?"
"Unene?"
"Wangu una inchi tano. Na mpira ukiwa juu yake
bado haujatoka."
Ndeonansia alinitazama kwa muda, chaki hewani.
Nadhani alielewa. Temu alitazama saa.

Tisa kwa tatu. Muhtasari ukaandikwa:
Kibosho na Uru watacheza mechi ya kirafiki,
ratiba ikiruhusu.
Kirafiki! Neno zuri, halina meno.
Nani atachinja mbuzi kwa ajili ya kirafiki?
Lakini nilimwona Mchome mlangoni,
safari tano sasa, tano tu,
amevaa kofia, anatabasamu peke yake
kama mtu aliyelipiwa ada,
nikashindwa kuwa na hasira yote niliyoitaka.

Nikafuta ubao. Mto ukatoka, Same ikatoka,
mstari ukabaki kidogo,
umeingia kwenye nyufa.

Jumamosi ya mwisho wa muhula nilichora uwanja hata hivyo.
Hakuna aliyeniagiza.
Kwenye kona nilichomeka majani ya sale,
bendera zilishaibwa.
Mpishi wa Uru akavuka daraja, njumu shingoni,
akauliza ni saa ngapi.
Nikamwambia haipo kwenye ratiba.
Akaketi kwenye nyasi,
akaanza kufunga kamba za kiatu cha kushoto.