Ulimi wa Kiatu

Jiko lilikuwa ndani ya kopo lake la bati,
miguu mitatu imekunjwa kama ya panzi aliyekufa,
juu ya kabati, Mabatini, miaka kumi na tisa.
Baba alikuwa mpima ardhi.
Alilibeba Kome, Maisome, akalifikisha Ukara,
mnyororo wa kupimia begani, jiko mgongoni,
na jioni, pasipo na jirani wala kuni kavu,
alipiga pampu, likanguruma, akasonga ugali wake.
Hivyo ndivyo nadhani. Hakuwahi kusimulia.
Baba alitumia maneno kama mtu anayelipia kila moja.

Nikalipeleka Makoroboi.
Nyanjige akaweka kando taa ya sola aliyokuwa akiichomea,
akaligeuza, akalinusa.
"Nimekulia kwenye karabai za wavua dagaa," alisema,
"na hili ni ndugu yao. Halijafa. Limekauka koo."
Akanipa sindano moja, ndimu tatu, na kazi.

Wiki nzima vidole vyeusi.
Ndimu na majivu juu ya shaba, kipande cha kanga kuukuu,
mpaka nikaiona pua yangu kwenye tangi,
pana, ya kwake.
Sindano nyembamba kuliko unywele wa mtoto
kuzibua tundu ambalo jicho halilioni;
unaliinua dirishani, unafumba jicho moja,
unatafuta nukta ya ziwa.

Ijumaa nikafungua pampu.
Mwisho wa fimbo, pale penye kikombe cha ngozi
kinachosukuma hewa,
ngozi haikuwa ya kiwandani.
Nyeusi, imekatwa kwa wembe, duara lisilo duara,
na juu yake herufi alizochoma mama kwa msumari wa moto
ili viatu visiibwe shuleni:
M, na nusu ya L.

Darasa la nne. Kiatu cha kushoto.
Niliamka nikakikuta hakina ulimi.
Nikamshtaki kaka yangu, Sayi. Akachapwa.
Baba alikuwa ameshavuka Kamanga na feri ya alfajiri,
na aliporudi, wiki tatu baadaye, kesi ilikuwa imekwisha,
na kiboko hakina risiti ya kurudishia.
Mwaka mzima nilitembea na kiatu bubu,
changarawe zikiingia bila hodi.

Kumbe ulimi ulikuwa huku,
ukipanda na kushuka kwenye koo la shaba,
visiwani, usiku,
ukimsaidia mtu asiyesema kupika.

Nyanjige alinipa washa mpya ya mpira. Iko kwenye droo.
Ile ngozi niliiloweka kwenye samli siku mbili.
Ikavimba, ikalainika, ikashika.

Spiriti kidogo. Kiberiti.
Moto wa njano kwanza, mrefu, mjinga,
kisha pampu, kumi, kumi na mbili,
na ghafla buluu, na mngurumo
uliomfukuza paka hadi kwa jirani.

Nikampigia Sayi, Kahama.
"Ulimi umepatikana," nikasema.
"Ulimi gani?"
Nikaisogeza simu karibu na moto.
Nilitaka kusema nisamehe. Nikanyamaza, mtoto wa baba.
"Minza," akapiga kelele, "ondoka hapo mashineni, sikusikii!"

Sikuondoka.
Maji ya chai yalikuwa bado.