Kupunguza

Kupunguza ni kazi yangu.
Nimepunguza suruali za marehemu ziwafae wanawe,
gauni la harusi la aliyekonda kwa mawazo,
sare za shule zilizonunuliwa kubwa makusudi
na mtoto akakataa kukua.
Lakini hiki kidonge,
cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati,
kimenishinda mkono.

Daktari Chepng'etich alisema: robo kwanza.
Wiki mbili, halafu urudi tuzungumze.
Usikate kwa pupa, akasema,
nami nikacheka peke yangu kwenye ngazi,
maana hayo ndiyo ninayowaambia wanagenzi kila Jumatatu.

Basi kila usiku, hapa Ngara, chumba cha nyuma,
naweka kidonge juu ya rula ya mbao, nashika wembe.
Kinaruka.
Kipande kimoja kiko chini ya cherehani
pamoja na pini na nyuzi na vumbi la mwaka jana,
na mimi nimepiga magoti na tochi ya simu
natafuta usingizi wangu sakafuni
kama aliyeangusha shilingi.

Usiku wa nne sikulala.
Nilihesabu malori ya Barabara ya Thika,
moyo ukidunda kama cherehani isiyo na kitambaa:
sindano inapanda, inashuka,
haishoni kitu.

Habari hazina mlango.
Kasyoka wa vifungo akaniletea mchaichai wa shangazi yake.
Mama mkwe akatuma muarobaini kwa basi la usiku,
umefungwa kwa kipande cha leso.
Unatibu maradhi arobaini, akasema kwenye simu.
Sikuwa na moyo wa kumwambia
langu huenda ni la arobaini na moja.
Na yule kijana wa chupa, pale Muthurwa:
mizizi, asali, jina refu kama hati ya shamba.
Ni ya asili tupu, haina madhara!
Mvua nayo ni ya asili, nikamjibu.
Waulize watu wa Mathare.

Hata hivyo nilinunua.
Mtu ambaye hajalala hununua.
Nikampelekea Mghoi wa duka la dawa,
akaigeuza mbele na nyuma, akainusa;
haikuandikwa kitu ila nambari ya simu.
Usichanganye na hivi vidonge, hata kijiko.
Mchaichai, haya, kikombe.
Huo muarobaini uache kwanza, umwulize daktari.
Akanirudishia chupa kwa ncha za vidole
kama soksi iliyookotwa njiani.

Sasa ni Julai. Jua halijaonekana tangu Jumanne.
Nachemsha majani,
na harufu yake inanifikia kabla ya baridi.
Sijui kama yananituliza majani yenyewe
au zile dakika nane za kusimama mbele ya jiko
bila kumpima mtu yeyote kiuno.
Leo nimetia uzi sindanoni mara ya tatu.
Juma lililopita ilikuwa ya kumi na moja,
Kasyoka akanishikia sindano
akatazama kando.

Kuna jambo mteja haoni.
Nikipunguza nguo sikati ziada yote.
Naikunja kwa ndani, naiacha ilale kwenye mshono,
kwa sababu mwili hauna ahadi:
unakonda, unarudi,
na fundi aliyekata yote hana la kufungua.
Kwa hiyo vidonge vilivyobaki sijavitupa.
Vimo kwenye kopo la biskuti, chini ya zipu.
Daktari anajua. Tumefika nusu.
Labda tutakaa hapa, labda turudi hatua moja.
Kufumua si aibu,
nimewalisha watoto kwa kufumua.

Stima imepotea. Mtaa mzima unaguna kwa pamoja.
Nakaa gizani, mkono juu ya gurudumu,
naungoja moyo uanze vurugu zake.

Unaanza.

Nanywa kilichobaki kikombeni, kimeshapoa,
na naendelea kwa mguu.