Namba ya Mama

Benki imesema namba ya mama si simu.
Imesema kwa adabu, kwa sauti ya mashine,
imemwambia kaka yangu Leland kule Tbilisi,
mbele ya mfamasia, dawa ya presha ikiwa kaunta:
namba yako ni ya mtandao, hatutumi siri huko.
Tupe namba ya kweli.

Ya kweli!
Namba ile tuliijua kabla ya a, e, i, o, u.
Mama alitukaririsha tukimenya viazi,
tarakimu kwa tarakimu, ganda kwa ganda,
ili tukipotea kwenye maonyesho ya ng'ombe
tuwe na cha kumwambia polisi.
Miaka arobaini na mitatu ilikaa ukutani jikoni,
Kearney, Nebraska, waya wake umejisokota
kama mkia wa nguruwe.
Kwa namba hiyo tuliletewa habari za baba na mashine ya mahindi.
Kwa namba hiyo Leland aliachwa na mchumba
nikisikiliza kwa simu ya chumbani, kiganja mdomoni.
Na benki, benki hiihii, ilipiga namba hiihii
kudai pesa za trekta.
Siku hizo ilikuwa ya kweli.

Mama alipofariki, nyumba ikauzwa,
Leland hakutaka meza wala saa ya ukutani.
Alichukua namba.
Akaihamishia mtandaoni kwa dola chache kwa mwezi,
akaenda nayo kufundisha Georgia
(si ile ya kusini kwetu, ile ya milima na mvinyo).
Haina waya sasa, haina ukuta.

Basi tukafanya wanalolifanya wengi bila kulisema.
Nilikwenda kituo cha mafuta karibu na reli,
nikanunua simu na laini yake
kwa bei ya soksi na supu.
Kijana wa kaunta hakuniuliza hata jina.
Simu ile haikuwa na saa mbili duniani,
haijapokea msiba, haijapokea heri ya mwaka mpya,
na benki ikaikumbatia: Asante. Namba imethibitishwa.

Naiweka kwenye bakuli la funguo, chaji haitoki.
Huamka saa nane za usiku:
kwangu theluji, kwake jua la utosi.
Hutetemeka, funguo zikapiga kelele pamoja nayo.
Nashuka ngazi bila miwani. Narudi kufuata miwani.
Tarakimu sita. Dakika tano.
Na chini yake onyo: usimpe mtu yeyote.
Hata mfanyakazi wetu. Yeyote.

Mimi nilikuwa karani wa mahakama miaka thelathini.
Sikutoa siri ya faili hata kwa marehemu Dwight,
aliyekufa na kiu ya kujua kesi ya akina Halvorsen iliishaje.
Sasa kila wiki navunja amri
nimevaa soksi moja.

Napiga namba ya mama.
Inaita.
Hiyo isiyo simu, inaita,
na kabla hajapokea kuna pengo dogo
ambalo sikio langu halijalizoea bado:
nangoja kusikia, "Haloo, kwa akina Stroud."

"Verna," anasema Leland, "upesi, watu wamepanga foleni."

Namsomea mojamoja, kama tulivyofunzwa.
Nne. Sifuri. Tisa.
Tisa, anaitikia,
na kiazi kimo mkononi mwangu, na kisu,
na ganda linashuka refu, halikatiki
mpaka tarakimu ya mwisho.

"Imekubali."
Nasikia mfuko wa karatasi ukikunjwa, mtu akikohoa,
kengele ya mlango.
Namuuliza, presha yenyewe ni ngapi?
Ananyamaza.
Tarakimu hizo, anasema,
si za kumpa mtu yeyote.