Ukuta Katika Bakuli

Mimi ni mshika vyombo. Jina langu Mahrokh.
Kermanshah yote hupita mikononi mwangu ikiwa usingizini:
maharusi, wauza simu, binti za mahakimu,
kila mmoja ataka pua iteremke kama imepigwa rula.

Esfandyar alikuja na miaka sitini na miwili,
masikio yamekunjamana kwa mieleka,
pua ilianza safari ya kulia, ikaghairi njiani,
ikarudi kushoto kama mlevi anayetafuta mlango.
"Kiwiko cha kaka yangu," alisema. "Kisha mkeka.
Kisha kiwiko cha kaka yangu tena."
Tundu la kushoto halikupitisha hewa tangu ujana;
alilala mdomo wazi, akaamka ulimi mkavu kama gome.

"Usinipambe, Daktari. Mke wangu
huipapasa gizani ahakikishe ni mimi."

Daktari Tahmineh hakucheka.
Alichora kwa wino wa zambarau, kutoka katikati ya nyusi
hadi kidevuni, na mstari ukapita kando ya pua
kama mtu anayemkwepa mdai wake sokoni.

Wahenga walisema kata pua uunge wajihi.
Hawakusema nani ashike bakuli.

Nusu kaputi. Mkato mdogo
pale chini, kati ya matundu mawili,
na ngozi ikainuliwa kama pazia.
Ndani yake ukuta wa kati, gegedu limepinda
kama kadi iliyokaliwa mfukoni miaka arobaini.
"Hili halinyooki likiwa humu," akasema.
Akalitoa lote.

Basi kwa dakika kumi na moja
nilishika ukuta wa pua ya mtu
ndani ya bakuli la maji ya chumvi.
Mdogo kuliko kiganja cha mtoto,
mweupe kama maziwa yaliyozidishwa maji.
Sikukohoa. Sikuwaza kodi ya nyumba.
Mwenyewe amelala, kifua kinapanda na kushuka,
hajui kwamba hana.

Samaki mkunje angali mbichi. Huyu
alikauka akiwa amekunjika.
Gegedu lina kumbukumbu, Daktari hutuonya:
ukilinyoosha kwa ubabe, usiku litarudi
kwenye kiwiko kile kile.
Kwa hiyo akalichanja upande uliobonyea,
chale nyembamba, nusu ya unene, si zaidi,
hadi likalegea, likalala bapa mezani
kama limechoka kubishana.
Mabaki akayachonga vibanzi viwili,
akavishona ubavuni, kimoja huku, kimoja kule,
walinzi wa mlango.

Kisha mfupa. Yeye patasi, mimi nyundo.
"Gonga." Nikagonga. "Gonga."
Unasikiliza; mlio ukihama kutoka ubao kwenda jiwe,
unaacha.
Akaisukuma mifupa kwa vidole gumba
taratibu, kama mtu anayefunga droo
mtoto akiwa amelala chumbani.

Ilinyooka. Mstari wa zambarau ulipita katikati kabisa.
Aliitazama kwa muda ambao si kawaida yake.
Halafu akalegeza uzi mmoja
na pua ikaenda kushoto
upana wa punje ya mtama.
Hilo sikuliandika kwenye fomu.

Siku ya nane, plasta ikabanduka,
mabanzi yakavutwa kutoka ndani. Macho yalimtoka machozi.
Akafunga mdomo. Akavuta.
Akabaki hivyo, mabega juu, kama aliyeibiwa kitu
au aliyerudishiwa.
Akanishika kifundo cha mkono:
"Umekaanga vitunguu asubuhi."
Nami nilikuwa nimenawa mara tisa.

Mlangoni alisimama mzee mwingine,
theluji bado mabegani, amekumbatia koti lisilo lake,
anatazama viatu vyake.
"Kiumars," Esfandyar akamwita,
"acha kujificha huko. Njoo karibu,
nijue unanukaje."