Pampu ya Pili

Saa tisa na dakika kumi na saba usiku.
Mvua ya Wales, ile isiyo na radi wala vishindo,
inayonyesha kama mtu anayehesabu madeni,
imeingia mabombani kupitia kila paa la Pentre Cerwyn:
paa la kanisa, la duka la samaki wa kukaanga,
la shule niliyofukuzwa mara mbili.

Waliochimba mabomba haya wamekufa miaka mia na ushei.
Waliona bomba moja latosha,
maji ya mbinguni na maji ya chooni yapite pamoja,
kama watu wa harusi na watu wa msiba
waliokutana kwenye mlango mmoja.

Kibali kimebandikwa ukutani, kimevishwa plastiki:
kabla ya tone moja kumwagwa mtoni
mtambo usafishe lita themanini na sita kila sekunde.
Mvua haijui kusoma.
Na mtambo unasafisha sitini na moja,
kwa kuwa pampu ya pili imelala tangu Machi,
imefunikwa turubai kama maiti ya mgeni,
na karatasi ya kuagizia kipuri
ingali safarini, meza hadi meza, huko Cardiff.

Machujio yamesongwa. Nayakwangua kwa reki:
vitambaa vya kufutia watoto, vile vilivyoandikwa vinayeyuka,
mafuta yaliyoganda kama mshumaa,
na leo gari la kuchezea, jekundu, magurudumu yote manne.
Naliweka dirishani pamoja na mengine.

Ninaohofia zaidi ni wadudu.
Watu hucheka nikisema, ila hao ndio mifugo yangu,
wasioonekana kwa macho, tope la rangi ya chokoleti
lenye harufu ya shamba lililolimwa jana.
Nawalisha. Nawapulizia hewa.
Maji yakizidi nguvu yatawasomba wote,
na mtambo usio na wadudu ni bwawa tu lenye taa.
Kuwakuza upya ni wiki tatu,
wiki tatu za kuvunja sheria kila siku, kimya kimya.

Basi nafungua lango.
Gurudumu la chuma, mizunguko kumi na minne,
kisha sauti kama ya mtu
anayevuta pumzi kabla ya kusema uongo.

Gethin anapiga simu kutoka kitandani.
"Andika pampu imeharibika usiku huu, Nerys.
Dharura husamehewa."
Si mtu mbaya. Ana mkopo wa nyumba, ana mapacha;
nasikia mmoja akikohoa.
Maji yakimwagika hayazoleki, walisema wahenga.
Juu ya kuyaandika hawakusema kitu.

Daftari lina unyevu, kalamu inakwaruza.
Lango: saa tisa na dakika kumi na saba.
Mtiririko: lita sitini na moja.
Pampu ya pili: haifanyi kazi.
Mkono unataka kuishia hapo.
Ni kweli tupu, sentensi ile, na haina tarehe.
Nje mvua inaongeza kasi, au ni mimi nimenyamaza.
Naongeza: tangu tarehe nne Machi.
Napiga mstari chini yake, nautoboa ukurasa.

Alfajiri mto una rangi ya chai ya maziwa.
Nashuka na ubao hadi ngazi za mawe: USIOGELEE.
Wino unachuruzika kabla sijaifikia herufi ya mwisho,
kwa hiyo nasimama mwenyewe, na koti langu la manjano,
ndiye mimi ubao.

Bi Tegwen anakuja, miaka sabini na tisa,
taulo shingoni, kofia ya mpira yenye maua.
Hajakosa asubuhi hata moja tangu azike mumewe.
Ananitazama. Anautazama mto,
kitambaa cheupe kimenasa kwenye tawi la mkwaju wa maji,
kinapepea.

"Tangu lini?" anauliza.

Nafungua mdomo kusema saa tisa.

"Tangu Machi," nasema.