Kitufe cha Saba

Kikokotoo ni cha Ayikoru, alinunuliwa na kakaye Arua,
lakini hapa chuoni Koboko ni cha chumba kizima.
Kitufe cha saba kilikufa muhula wa kwanza,
kilimwagikiwa chai. Driciru anakana hadi leo.

Basi tukajifunza kuizunguka saba:
arobaini na saba ni arobaini na sita, ongeza moja.
Mwalimu Wani wa uhasibu akifungua madaftari yetu
hucheka: "Nyinyi wa chumba cha mwisho,
hesabu zenu zinachechemea, ila zinafika."

Tulikuwa saba. Vitanda vinne, sufuria moja,
maharage ya Jumatatu yaliwayo hadi Jumatano,
Kilugbara huku, Kikakwa kule,
na Kiswahili cha kugombania foleni bombani alfajiri.

Wiki ya kadi za mtihani, karani wa ada alibandika majina mlangoni.
Keji hakuwamo.
Tulichanga. Driciru aliuza viatu vyake vya Jumapili,
mimi nikatoa nauli.
Hazikutosha.
Alikunja godoro polepole, kama la kuazima,
akaacha nusu kipande cha sabuni
na deni la chumvi.

Swali la tatu: faida, shilingi elfu saba.
Kikokotoo kilinifikia wa nne kwenye benchi, kina joto la mikono.
Elfu sita, ongeza elfu.
Vidole vilijua njia.

Jana mlezi wa bweni kaja na rejista:
"Humu mko wangapi?"
Ayikoru, macho kwenye karai la nguo,
akajibu, "Sita."
Akakamua shati.
"Ongeza moja."